Kundi Linahitaji Zizi

Soma: Matendo 6:1-7, 1 Wakorintho 14:33, 40, Waefeso 4:11-16.

James White alizaliwa mwaka 1821 huko Palmyra, Maine, Marekani. Alikuwa mwalimu kijana alipoupokea ujumbe wa William Miller juu ya kurudi kwa Yesu, akaacha darasa akaenda kuhubiri.

Kwa ajili ya tumaini hilo Waadventista wengi walifukuzwa katika makanisa yao. Familia ya Ellen Harmon, aliyemwoa mwaka 1846, ilikuwa miongoni mwao. Si ajabu kwamba baada ya 1844 waliogopa kuunda kanisa jingine. Kanisa lenye jina, viongozi na hati za serikali waliliita Babeli. Kwao ilitosha kuishika kweli na kupendana, na kwa muda White naye aliona hivyo.

Lakini kazi ilimfundisha. Wahubiri wa uongo walilizungukia kundi bila wa kuwazuia. Wahubiri waaminifu walikosa chakula; J. N. Loughborough alirudi kwenye useremala huko Waukon, Iowa. Mwishoni mwa 1856 White na mkewe waliuvuka mto Mississippi juu ya barafu ili kumtafuta, naye akarudi kazini. Tena, mali ya uchapaji huko Battle Creek ilikuwa mikononi mwa White. Kama angekufa, sheria ingeihesabu kuwa urithi wa familia yake.

Ndipo alipofikiri upya. Biblia haikutaja gazeti la kila juma wala mtambo wa kuchapa, lakini waumini walivitumia bila hatia. Basi, jambo lisilopingana na Maandiko wala akili timamu laweza kumtumikia Mungu. Na kwa kuwa Babeli ni machafuko, waliokataa utaratibu ndio waliokuwa wakiikaribia.

Ndugu wapendwa, kama R. F. Cottrell, walimpinga waziwazi gazetini. Mjadala ulikuwa mkali, lakini mwaka 1860 jina la Waadventista Wasabato lilichaguliwa, na Mei 1863 Konferensi Kuu ikaundwa kwa waumini wapatao 3,500. White alichaguliwa kuwa rais, akakataa, asije akaonekana kuwa alipigania utaratibu ili apate cheo. John Byington akashika nafasi hiyo. Baadaye White aliitumikia kwa vipindi kadhaa, akafariki mwaka 1881.

Kanisa ni watu wa Kristo. Utaratibu ni zizi lao: hauwapi uzima, bali huwalinda walio dhaifu wasitawanyike.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika Matendo 6, ni akina nani walioumia kabla utaratibu haujawekwa?

2. Ni lini utaratibu wa kanisa huacha kulitumikia kundi na kuanza kujitumikia wenyewe? Tufanye nini hapo?

3. Utamjibu nini mtu asemaye kwamba anampenda Kristo lakini hahitaji kanisa?