Ramanujan na Swali Lililokosa Mjibu

Kila matokeo ya mtihani yanapotangazwa, mimi mwalimu wa hisabati humkumbuka Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa mwaka wa 1887 mjini Erode, kusini mwa India, katika jamaa isiyokuwa na mali. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alipata kitabu chenye maelfu ya kanuni zisizo na maelezo ya kutosha, akajitwika kazi ya kuzithibitisha mwenyewe. Hisabati ilimteka hata akayapuuza masomo mengine. Akaanguka mitihani ya chuo na kupoteza ufadhili.

Mnamo 1911 aliwatolea wasomaji wa jarida la hisabati nchini mwake swali hili: tafuta kipeuo cha pili cha 1 kujumlisha mara 2 ya kipeuo cha pili cha 1 kujumlisha mara 3 ya kipeuo kingine, vivyo hivyo bila kikomo. Miezi sita ilipita bila mjibu. Jibu ni 3.

Mwaka wa 1913, akiwa karani bandarini Madras, alimwandikia mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, ambaye aliutambua ukubwa wa kipawa chake. Alifika Uingereza mwaka wa 1914, akaheshimiwa na wasomi, kisha akafariki kwao mwaka wa 1920 akiwa na miaka 32.

Walimu wenzangu, nakiri kuwa niliwahi kumkaripia mwanafunzi aliyeniletea swali lisilokuwa katika silabasi. Hadi leo najuta. Tuandike ubaoni swali moja gumu kila Ijumaa, wala tusilifute mpaka apatikane wa kulitegua.