Julius Nyerere na mchezo wa bao

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwanasiasa na rais wa kwanza wa Tanzania. Historia yake ya siasa imeandikwa mara nyingi. Makala hii inafuata upande wa maisha yake ambao kwa kawaida hutajwa kwa sentensi moja tu: mapenzi yake kwa michezo ya kufikiri, hasa bao, mchezo ambao kwa masimulizi ya watu wa Mara ndio uliomfungulia mlango wa shule.

Utoto Butiama

Alizaliwa Mwitongo, Butiama. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Mtoto aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Jina la Julius alilipata baadaye, alipobatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943. Kuwa mwana wa chifu hakukumwondolea kazi za watoto wengine: alichunga mbuzi na kulima shamba la mama yake.

Wazanaki na majirani zao walicheza bao la kwao, linaloitwa soro. Ni ndugu wa bao la pwani, ambalo lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, yaani mashimo 16, na kete 32. Katika bao la pwani mchezo huanza kwa namua: kila mmoja ana kete 22 za akiba na huziingiza moja moja. Akiba ikiisha, ndipo mtaji huanza.

Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko machoni pa wote wawili. Ugumu uko katika kuhesabu. Tuseme mchezaji hali kitu cha mwenzake, anasambaza tu upande wake. Akichukua kete 3 katika shimo la kwanza, ataishia shimo la nne. Kama humo mlikuwa na kete 4, sasa zimekuwa 5, naye atazichukua zote na kuendelea hadi shimo la tisa. La tisa likiwa tupu, analala; likiwa na kitu, anaendelea tena. Bingwa huona mwisho wa safari hiyo kabla hajagusa kete ya kwanza, na huona pia mashimo yatakavyokuwa wakati mwenzake anapojibu. Uwezo huu umewavutia hata wataalamu wa nje: Alex de Voogt wa Uholanzi alichapisha kitabu mwaka 1995 kuhusu ufundi wa mabingwa wa bao wa Zanzibar na mipaka ya akili katika kuhesabu mbele.

Mtemi wa Ikizu

Mmoja wa wageni wa Burito alikuwa Mohamed Makongoro, mtemi wa Ikizu, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Bunda. Inasimuliwa kwamba alicheza soro na Kambarage, akashangazwa na jinsi kijana yule alivyohesabu, akamshauri Burito ampeleke shule. Masimulizi hayafanani katika kila jambo, lakini kiini chake ni kimoja: mtu mzima mwenye madaraka alitambua akili ya mtoto kwenye ubao wa mashimo, kabla mtoto huyo hajajua kusoma wala kuandika.

Ushauri huo haukuwa mdogo. Serikali ya Waingereza ilipenda wana wa machifu wasome, lakini Burito alikuwa na watoto wengi na Kambarage alikuwa tayari na umri wa miaka 12. Angechelewa kidogo tu, angebaki na mbuzi. Mwaka 1934 aliingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma, shule ya bweni iliyo karibu kilomita 40 kutoka nyumbani. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa maana lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Alifanya vizuri mno kiasi cha kurushwa darasa, na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora.

Masomo na ualimu

Kutoka Tabora alikwenda Makerere nchini Uganda mwaka 1943 na kuhitimu ualimu mwaka 1945. Alifundisha Shule ya St. Mary's, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uskoti, alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Jina la Mwalimu halikumwacha hata alipokuwa Ikulu.

Makasha matatu

Akiwa rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Hii ya pili ina fumbo la makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Anayetaka kumwoa Portia lazima achague kasha lenye picha yake, akiongozwa na maandishi yaliyo juu ya makasha. Mwanamantiki wa Marekani Raymond Smullyan alilichukua wazo hilo akatunga mafumbo ya mantiki katika kitabu cha mwaka 1978.

Mfano wa fumbo la aina hiyo ni huu. Kasha la dhahabu linasema picha imo katika la risasi. La fedha linasema picha haimo ndani yake. La risasi nalo linakana kuwa na picha. Neno moja tu kati ya hayo matatu ni kweli. Dhahabu na risasi yanapingana, hivyo moja kati yao lazima liwe kweli. Basi fedha inasema uongo, na picha imo humo. Fumbo hili halihitaji kalamu, na wanafunzi wengi hulikosea kwa sababu huanza kwa kubahatisha kasha badala ya kutafuta maneno yanayopingana.

Ubao wa Kisiwandui na wa Butiama

Mapenzi ya bao Nyerere alishiriki na Abeid Amani Karume, mwenzake katika Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Unguja, akiwa anacheza bao. Waandishi wengine hupenda kueleza siasa za Nyerere kana kwamba kila uamuzi wake ulikuwa hatua ya bao. Hiyo ni tamathali tu. Sera ya vijiji, kwa mfano, ilihusu mamilioni ya watu, na watu hawakai shimoni kusubiri kusambazwa kama kete.

Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Alirudi Butiama kulima, na huko aliendelea kucheza bao. Tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoiacha bila kuimaliza alipofariki kwa kansa ya damu katika Hospitali ya St. Thomas. Alizikwa Mwitongo, ambako pia kuna makumbusho yenye jina lake. Shule ya Mwisenge bado inafundisha watoto wa Musoma.