Daktari aliyefunzwa na kuku wanaopepesuka

Hebu fikiria kuku anayetembea kama mlevi. Miguu haina nguvu, anaanguka ubavu, shingo inajikunja nyuma, mwishowe hata kupumua kunamshinda. Wewe ungefanyaje? Wengi wangemtupa na kuleta mwingine. Christiaan Eijkman aliketi akamchunguza, na dunia ikaanza safari ya kujua vitamini ni nini.

Eijkman alizaliwa 1858 mjini Nijkerk, Uholanzi, mtoto wa saba wa mwalimu mkuu. Alisomea udaktari wa jeshi Amsterdam, na 1883 akatumwa katika koloni la Uholanzi ambalo leo ni Indonesia. Mambo hayakuwa rahisi. Malaria ilimwangusha hadi akarudishwa kwao 1885, na mwaka uliofuata mkewe akafariki. Alikuwa bado kijana.

Hakukata tamaa. Alienda Berlin kujifunza kwa Robert Koch, bingwa wa bakteria. Kisha akarudi kisiwani Java na kundi la wataalamu waliotumwa kuchunguza beriberi. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua askari na wafungwa wengi. Miguu inakufa ganzi, misuli inalegea, moyo unashindwa kazi.

Enzi hizo kila ugonjwa ulidhaniwa ni wa vijidudu. Kwa hivyo Eijkman, ambaye sasa alisimamia maabara huko Batavia, Jakarta ya leo, alijaribu kuwaambukiza kuku. Kweli wakaugua. Lakini kulikuwa na shida moja: hata kuku ambao hakuwagusa kabisa walianza kupepesuka! Halafu, ghafla, wote wakapona.

Kumbe siri ilikuwa jikoni. Ili kubana matumizi, kuanzia Juni kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika hospitali ya jeshi. Mwezi Novemba mpishi mpya akaingia, akakataa katakata: wali wa jeshi hauwezi kuliwa na kuku wa raia. Basi wakarudishiwa mchele wa bei nafuu, ule ambao ganda lake la ndani halijaondolewa. Ubahili wa mpishi huyo ukawa dawa.

Eijkman alirudia jaribio mara nyingi. Wali mweupe, kuku anaugua. Mwongezee pumba za mchele, anapona.

Je, na binadamu? Rafiki yake Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, alichunguza magereza 101 ya Java yenye wafungwa karibu 280,000. Palipoliwa mchele mweupe, beriberi ilitapakaa. Palipoliwa mchele wenye ganda, ilikuwa nadra mno.

Hapa ndipo usidhani shujaa wetu alijua kila kitu. Yeye aliamini kuna sumu ndani ya wali, na pumba ndizo zinazoizima. Alikosea. Aliyeiweka sawa, 1901, ni Gerrit Grijns aliyeendeleza kazi hiyo baada ya Eijkman kurudi Uholanzi 1896 akiwa mgonjwa. Grijns alisema tatizo si kitu kilichomo ndani ya wali, bali kitu kilichokosekana. Kitu chenyewe kilipatikana 1926, huko huko Batavia, na Jansen na Donath. Leo tunakiita thiamini, yaani vitamini B1. Neva zako haziwezi kufanya kazi bila hiyo.

Eijkman mwenyewe alikubali hatimaye maelezo hayo. Alifundisha Utrecht kwa miaka mingi, na 1929 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Grijns hakupata. Na Eijkman alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza kusafiri hadi Stockholm kuipokea. Alifariki Novemba 1930, akiwa na miaka 72.

Sasa geukia sahani yako. Ule mchele mweupe pe na ule unga laini tunaouona kuwa wa hadhi hupoteza sehemu kubwa ya B1 kinu kinapoondoa ganda. Hakuna haja ya kuogopa wali, bora usiwe peke yake. Weka maharagwe, ndengu, njugu au kipande cha nyama kando yake. Kuku wa Batavia hawakuwa na nafasi ya kuchagua mlo. Wewe unayo.