Hart Massey, mzee wa mashine za mavuno

Wengi wetu tumepita mbele ya Massey Hall tukitokea kituo cha Queen, na baadhi tumeingia ndani kusikiliza kwaya. Jina hilo tulilijua tangu nyumbani, maana limeandikwa kwenye trekta nyekundu za Massey Ferguson zinazolima mashamba kuanzia Uasin Gishu hadi Hanang. Ni jina moja na ni ukoo mmoja. Jumapili hii tunasimulia maisha ya mzee aliyelifikisha mbali, Hart Almerrin Massey.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1823 huko Haldimand, mashariki ya Toronto, kwenye shamba ambalo baba yake, Daniel, alilifyeka kutoka msituni. Nyumba yao ilikuwa ya Wamethodisti: sala asubuhi na jioni, hakuna pombe, na Jumapili hakuna kazi. Hart alisoma kwa vipindi katika chuo cha kanisa lao pale Cobourg, akirudi shambani kila kazi ilipozidi. Mwaka 1847 alimwoa Eliza Ann Phelps. Mwaka huohuo baba yake, akiwa na umri wa karibu miaka 50, aliingia katika biashara ya karakana ndogo ya kuyeyusha chuma, ambayo baadaye ilihamia mji wa Newcastle.

Kwa nini mkulima aache shamba akafue chuma? Mtu aliyewahi kuvuna mpunga au ngano kwa mkono anajua. Ngano haingoji. Ikishaiva una siku chache tu kabla punje hazijaanza kupukutika au mvua haijailaza chini. Mtu mmoja mwenye mundu haimalizi hata nusu eka kwa siku. Mkulima angeweza kulima na kupanda eka nyingi, lakini alichoweza kuingiza ghalani kilitegemea mikono aliyopata wiki ile moja. Ruthu alipookota masazo nyuma ya wavunaji wa Boazi aliona kazi ambayo, miaka elfu tatu hivi baadaye, vibarua wa Daniel Massey walikuwa bado wanaifanya karibu vilevile.

Hapa lazima nimtaje mtu mwingine kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa madhabahu. Mwaka 1828 huko Scotland, Patrick Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa theolojia na mtoto wa mkulima, alitengeneza mashine ya kuvuna iliyosukumwa na farasi kutoka nyuma. Hakuichukulia hataza, alitaka kila mkulima aweze kuitumia. Kati ya 1833 na 1837 aliishi hapahapa Ontario akifundisha watoto, kisha akarudi kwao na kuwa mchungaji wa Carmyllie hadi kufa. Miaka michache baada yake, Mmarekani Cyrus McCormick alijaribu mashine yake huko Virginia mwaka 1831, akaipatia hataza, akatajirika.

Hart Massey hakuwa mvumbuzi kama hao wawili, na ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu mara nyingi anasifiwa kwa jambo hilo. Alikuwa mtu wa kuchagua. Alianza kuisimamia karakana ya baba yake mwaka 1851, na Daniel alipofariki mwaka 1856 yote ikawa mikononi mwake. Alivuka mpaka kwenda Marekani, akaangalia mashine zinazofanya kazi shambani, akanunua haki za kuzitengeneza Kanada: ya Ketchum ya kukata majani, ya Manny iliyovuna na kukata majani pia, na baadaye zile za Wood. Mwaka 1864 kiwanda kiliungua. Alikijenga upya, na mwaka 1867 mashine zake zilipata tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Paris, zikaleta oda za kwanza kutoka ng'ambo.

Mashine hizo za mwanzo zilikata tu. Nyuma yake walitembea watu wanne au watano wameinama, wakikusanya mabua na kuyafunga miganda kwa mikono. Hapo ndipo mgongo ulipovunjika. Wavumbuzi walijaribu kwanza kufunga kwa waya, na mashine ikafunga kweli, lakini vipande vya waya vilibaki kwenye majani na vikaingia matumboni mwa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 John Appleby wa Wisconsin alipata jibu kwa kutumia uzi. Sindano kubwa iliyopinda hupitisha uzi kuuzunguka mganda, kisha kichuma kidogo chenye umbo la mdomo wa ndege hujizungusha na kufunga fundo, kisu hukata uzi, na mganda huangushwa chini ukiwa tayari. Mtu mmoja na farasi wake wakafanya kazi ya kundi zima.

Wazee wetu wa Tanga watapenda kujua uzi huo ulitoka wapi. Ulikuwa wa katani na nyuzi nyingine za namna hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na sehemu kubwa ya katani yake ikawa nyuzi za kufungia mavuno ya wenzetu wa ng'ambo. Manamba waliokata mkonge kwa jasho na wakulima wa nyika za Kanada hawakujuana, lakini walikuwa wameunganishwa na fundo moja.

Mwaka 1879 kampuni ilihamia Toronto, ikajenga kiwanda King Street West, eneo ambalo leo ni majumba ya ghorofa. Jengo la ofisi zake bado limesimama. Aliyeiendesha wakati huo hakuwa Hart. Afya ilikuwa imemdhoofisha, akahamia Cleveland mwaka 1871 na kumwachia mwanawe mkubwa Charles, kijana wa miaka 23. Charles alikuwa na kipawa: aliuza mashine, alipiga kinanda, aliwapenda wafanyakazi nao wakampenda. Februari 1884 homa ya matumbo ilimchukua akiwa na miaka 35.

Mzee, aliyekuwa amerudi Toronto mwaka 1882, akashika tena usukani akiwa na zaidi ya miaka 60. Kwa kweli mkono wake ulikuwa mzito. Februari 1886 kampuni iliwafukuza viongozi wa wafanyakazi waliojiunga na chama cha Knights of Labor. Watu kama 400 waliweka zana chini. Meya William Howland akaingia kati, na baada ya siku chache kampuni ikawarudisha waliofukuzwa. Wakulima nao walikuwa na lao: serikali ilitoza mashine za kigeni ushuru, mwaka 1883 ukafika asilimia 35, nao walilazimika kununua za nyumbani kwa bei ya juu. Mwaka 1891 Massey aliungana na mshindani wake mkubwa, Harris wa Brantford, kukazaliwa Massey-Harris, na wakulima wakabaki na uchaguzi mdogo zaidi.

Kabla ya muungano huo msiba ulikuwa umerudi. Mwaka 1890 alifariki Fred Victor, kitindamimba, akiwa na miaka 22. Mzee aliyefanikiwa kuokoa mavuno ya watu wengi alikuwa sasa amezika wana wawili waliokwisha kuwa watu wazima.

Kuanzia hapo alijenga kwa majina yao. Kwa Charles aliyependa muziki alijenga ukumbi kwenye kona ya Shuter na Victoria, akaukabidhi kwa matumizi ya watu wa mji. Ulifunguliwa tarehe 14 Juni 1894 kwa Masihi ya Handel. Kwa Fred Victor alijenga nyumba ya huduma kwenye kona ya Queen na Jarvis, mwaka huohuo. Huduma yenyewe haikuanza naye. Ilianzia kwa Mary Sheffield, mwalimu wa shule ya Jumapili wa Metropolitan Methodist, aliyekusanya wavulana wa mitaani. Massey aliikuta kazi inaendelea akaipa kuta.

Si wote waliopiga makofi. Wapo waliosema kwamba fedha hizo zingefaa kwanza ziongeze mishahara ya waliozichuma na kupunguza bei kwa wakulima. Mimi naona neno lao lina uzito, hasa nikikumbuka ndugu wangapi kati yetu hufanya kazi za zamu kwenye maghala ya mji huu. Naona pia kwamba mzee huyu hakutoa ili aonekane. Majengo hayo aliyajenga kwa kumbukumbu ya watoto wake.

Alifariki nyumbani kwake Jarvis Street tarehe 20 Februari 1896, akazikwa Mount Pleasant. Mali aliyoacha ilikuwa kama dola milioni 2.2, na sehemu kubwa yake ilikwenda kwenye vyuo, kazi za kanisa na misaada. Kutokana na mali hiyo ilijengwa pia Hart House ya Chuo Kikuu cha Toronto, iliyofunguliwa mwaka 1919. Mjukuu wake Vincent alikuja kuwa Gavana Mkuu wa kwanza aliyezaliwa Kanada, mwaka 1952. Mwaka uliofuata kampuni iliungana na ya Harry Ferguson, na kutokana na muungano huo baadaye likapatikana jina lililo kwenye zile trekta.

Mashine ya kufunga miganda imebaki kwenye makumbusho. Fred Victor bado ipo Queen na Jarvis, ikiwapa watu wasio na makao mahali pa kulala na chakula.