Paul Graetz: Aliyepitisha gari katika njia ya wapagazi

MSAFIRI anayepanda basi alfajiri Dar es Salaam siku hizi hufika Tabora siku hiyo hiyo. Mwaka 1907 mambo yalikuwa tofauti. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilikuwa bado inaelekea Morogoro, na kutoka huko kwenda bara kila kitu kilisafiri kichwani au begani mwa mpagazi. Mwaka huo huo Mjerumani Paul Graetz aliamua kuipita njia hiyo kwa gari.

Graetz alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Zittau, Ujerumani. Alikuja Afrika Mashariki akiwa ofisa wa jeshi la kikoloni, akajionea jinsi usafirishaji ulivyokuwa mgumu. Ng'ombe na punda hawakufaa kuvuta mizigo katika maeneo mengi ya magharibi kwa sababu ya mbung'o. Waliobaki ni watu, hasa Wanyamwezi, waliokuwa maarufu kwa upagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na kwa siku ya safari msafara ulitembea kilomita 15 hadi 20.

Yeye aliona kwamba gari la petroli lingeweza kubadili hali hiyo. Wakati huo magari ya Ulaya yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za mawe zilizoshindiliwa. Kwa hiyo hakununua gari la kawaida. Aliagiza lake kutoka kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani, likiwa na magurudumu makubwa na chesisi iliyoinuliwa juu ili lisikwame kwenye visiki na mawe. Kiwanda hicho baadaye kiliingia mikononi mwa Benz, na kati ya mwaka 1951 na 2002 ndicho kilichotengeneza malori ya Unimog, ambayo nayo yanasifika kwa uimara wake porini.

Gari imara, mzigo mzito

Hata hivyo, kila marekebisho yana gharama yake. Gari la kwenda mbali porini linahitaji petroli nyingi, vipuri, matairi ya akiba na maji. Mzigo ukiongezeka, injini kubwa zaidi inahitajika. Injini ikiwa kubwa, inakunywa petroli zaidi, na petroli hiyo nayo ni mzigo. Isitoshe, gari zito huzama haraka kwenye matope na mchanga.

Graetz alitatua sehemu ya tatizo hilo kwa kuweka akiba za petroli njiani kabla ya safari. Ajabu ni kwamba huko bara petroli hiyo ilibebwa na wapagazi wale wale ambao gari lilidhaniwa lingewaondoa kazini. Kwa mzigo wa kilo 30, mpagazi mmoja hawezi kubeba zaidi ya lita 40.

Aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti, 1907. Njia yake ilipitia Morogoro, Kilosa, Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora, kisha ikageuka kusini hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg. Silinda za injini zilipopasuka, hapakuwa na duka la vipuri wala karakana. Ilibidi vipuri viagizwe Ujerumani, vije kwa meli, kisha vipelekwe bara. Wakati wote huo gari lilisimama.

Penye mito isiyo na madaraja na penye mabonde ya tope, wanavijiji waliitwa kulivuta kwa kamba na kulisukuma. Huo ulikuwa wakati ambao Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka tu kuzimwa, na mwanakijiji aliyeitwa na Mjerumani hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Kilomita 15 kwa siku

Kutoka Kasanga Graetz aliingia Zambia ya leo, akapita Kabwe na Livingstone, kisha Bulawayo, Johannesburg na jangwa la Kalahari. Alifika Swakopmund, kwenye pwani ya Namibia, tarehe 1 Mei, 1909. Akawa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka bahari hadi bahari, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo.

Ni sifa kubwa, lakini hesabu yake inafundisha zaidi. Alitembea takriban kilomita 9,500 kwa siku 630, yaani wastani wa kilomita 15 kwa siku. Ni mwendo wa msafara wa wapagazi. Kasi ya injini yake ililiwa na siku za kukwama na za kusubiri vipuri.

Mwaka 1911 alirudi na boti ya injini ili kuvuka bara kutoka mashariki hadi magharibi kwa mito na maziwa. Safari hiyo nayo ilifika mwisho, lakini mwenzake, mpiga picha Mfaransa Octave Fière, aliuawa na nyati njiani. Graetz mwenyewe alifariki dunia mwaka 1968 nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 92.

Kilichobadili biashara ya Tabora ni reli, iliyofika mjini hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilikuja pamoja na karakana, mafundi, maji na vituo vya kudumu. Upagazi wa masafa marefu ukafifia.

Leo barabara kuu ya kwenda Tabora ni ya lami, lakini njia nyingi za kutoka mashambani, ambako tumbaku, asali na mpunga hupatikana, bado ni za vumbi na tope. Mwenye lori anayetaka kuongeza springi, kuinua bodi au kubadili injini afanye kwanza hesabu ya Graetz: kipuri kitapatikana wapi, kwa siku ngapi, na fundi yuko umbali gani? Gari la kawaida lenye vipuri Tabora mjini laweza kumpa mkulima faida kuliko gari lenye nguvu ambalo kipuri chake kinangojwa Dar es Salaam huku mzigo ukinyeshewa.