Shehrazade, binti wa Kiajemi aliyejengewa hamamu Kidichi

Pale Giza, Misri, pembeni mwa piramidi kubwa ya Farao Khufu kuna piramidi tatu ndogo walizojengewa malkia wa ukoo wake. Unguja nayo ina jengo la mke wa mfalme, ila hili si kaburi. Ni hamamu, lipo Kidichi, kilomita kama 11 kutoka Mji Mkongwe.

Mwenyewe ni Shehrazade, mjukuu wa Shah wa Uajemi, aliyeolewa na Seyyid Said bin Sultan mwaka 1847. Ndoa ilikuwa na siasa ndani yake: kwa mtu anayetawala Muscat huku makao yake yako Unguja, Uajemi ni jirani wa kuheshimiwa.

Huku alimkuta mke mkubwa, Bi Azza binti Seif, mama asiyetaka mchezo. Lakini Shehrazade alikuja na Waajemi wake wapanda farasi wapatao 150, akawa anatoka nao kuwinda mchana kweupe. Watu walishangaa! Bi Salme, binti wa Seyyid Said, ameyaeleza katika kitabu chake cha 1886. Anasema nguo zake zilitariziwa lulu, na lulu ikidondoka, anayefagia akiiokota basi ni yake. Hakujaaliwa mtoto, ila watoto wa mumewe aliwapenda.

Hamamu la Kidichi, lililo kwenye mashamba ya karafuu, linatajwa kuwa la 1850. (Usilichanganye na Hamamni ya mjini, ile ilikuwa ya watu wote.) Ndani kuna kuba, birika la kuogea na chumba cha kubadilishia nguo. Utamu wenyewe uko ukutani: plasta imechongwa tausi, mitende na maua kwa mtindo wa Kiajemi. Seyyid Said alikuwa Ibadhi, na Waibadhi hawana desturi ya kupamba nyumba kwa viumbe. Wale ndege wamewekwa kwa ajili ya mke.

Ndoa haikudumu. Kwa maelezo ya Bi Salme, Seyyid Said alimkuta na kosa, akakasirika hadi kutaka kumuua, mtumishi mwaminifu akamzuia. Shehrazade akaachwa, akarudi kwao.

Miaka kadhaa baadaye Waomani na Waajemi walipigana Bandar Abbas. Bi Salme anasema Shehrazade alionekana upande wa Waajemi, akiwalenga jamaa za aliyekuwa mumewe.