Dkt Sidney Kark: Tabibu aliyewafuata wanyonge majumbani mwao

MIONGONI mwa wataalamu wa afya ya jamii, jina la Dkt Sidney Kark lina heshima kubwa, hasa kwa jinsi alivyowaunganisha madaktari, wauguzi na wahudumu wa vijijini katika kuwatunza maskini.

Kark alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1911 na kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1940, yeye na mkewe Emily, aliyekuwa pia daktari, walianzisha kituo cha afya huko Pholela, Natal, eneo la Wazulu lililogubikwa na ufukara. Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta riziki mijini na migodini, huku utapiamlo, kifua kikuu na kaswende vikiwatesa waliobaki.

Kark alitambua kwamba kumtibu mtoto aliyekonda kisha kumrudisha kwenye chungu kitupu ni kazi bure. Hivyo basi, wahudumu waliozungumza Kizulu walitumwa nyumba hadi nyumba kunakili hali ya kila familia, kuhimiza kilimo cha mboga na uchimbaji wa vyoo. Taarifa zao zilijadiliwa na wauguzi na madaktari kwa pamoja, na matibabu yakapangwa kulingana na mahitaji ya familia nzima.

Mafanikio hayo yaliivutia tume ya Dkt Henry Gluckman, ambayo mwaka 1944 ilipendekeza vituo 400 vya aina hiyo kwa raia wa rangi zote. Hata hivyo, majimbo yalikataa kuachilia mamlaka juu ya hospitali zao, na ni takriban vituo 40 pekee vilivyoanzishwa. Chama cha National kiliposhika hatamu mwaka 1948 na kuimarisha sera ya ubaguzi wa rangi, mpango huo ulinyimwa msaada hadi ukadidimia. Mwaka 1958 Kark aliihama nchi yake, na baadaye akafundisha Jerusalem.

Mbegu yake, hata hivyo, ilikwisha kuvuka bahari. Mwaka 1957, mwanafunzi Mmarekani wa udaktari, Jack Geiger, alifika Pholela kujifunza. Mwaka 1965 alishiriki kuasisi kituo cha afya ya jamii mjini Boston, kisha kingine Mound Bayou, Mississippi, kwa ajili ya watu weusi mafukara. Leo vituo vya namna hiyo huhudumia Wamarekani zaidi ya milioni 30.

Kark alifariki mwaka 1998, miaka minne baada ya ubaguzi uliozima kazi yake kung'olewa mamlakani.